Usukani Uliokataa Kukaa Chini

Simjui mtu aliyebuni usukani unaojikunja, na ni heri, maana tungegombana. Nia yake ilikuwa njema, hilo nalikubali. Aliona kwamba chombo kidogo kikifika kwenye maji ya kina kifupi ubao wa usukani unagonga chini na kuvunjika, akasema basi tuushikize kwa bolti moja tu huku juu, ukigonga kitu ujiinue wenyewe kwa nyuma, chombo kipite salama. Hapo alifanya vizuri. Kisha akaenda zake, akatuachia sisi wengine kazi ya kuubembeleza ubao huohuo ukae chini wakati haujagonga kitu chochote.

Mimi si mtu wa majini. Ni fundi wa maturubai, nashona vifuniko vya malori pale Tunduma, kwenye uwanja ambamo magari ya kwenda Zambia na Kongo hulala yakisubiri karatasi zao. Turubai likichanikia Makambako, dereva analifunga kwa kamba hivyohivyo mpaka kwangu. Boti nayo ilinijia kwa njia hiyo. Ilikuja juu ya lori, ndogo, nyeupe, ya plastiki ngumu, ikipelekwa kwa mwenye hoteli fulani ng'ambo ya mpaka. Mwenye hoteli akabadili mawazo, au akafa, sikuambiwa, na dereva akaishusha nyuma ya banda langu kwa muda. Muda huo ukaota majani. Mbuzi wa jirani wakawa wanakunywa maji ya mvua ndani yake. Mwishowe dereva akaniambia nimshonee turubai jipya nami niichukue boti, nikakubali papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeitazama mpaka nikajiaminisha kwamba tanga ni turubai tu lililosoma.

Nikaipeleka bondeni, chini ya Kamsamba, karibu na ziwa, ambako mke wangu analima mpunga kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Yeye anakaa huko msimu wa kilimo, mimi nashuka kila nipatapo nafasi. Nilimwambia boti itatusaidia kubebea mpunga. Aliitazama ikishushwa kutoka kwenye gari la ng'ombe, akaniuliza kama Tunduma wameishiwa mabafu ya kuogea. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, lakini huyachagua.

Mwaka huu, mpunga ulipoanza kupiga rangi, ikaja simu kwamba dada mkubwa wa mama mkwe wangu yuko hoi. Huyo dada anakaa ng'ambo ya ghuba, alikoolewa zamani na watu waliohamia na ng'ombe wao. Mama mkwe alikuwa kwetu wakati huo, akitusaidia kuamia ndege shambani. Katika tumbo lao walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na huyo dada, na dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Simu ilisema mgonjwa bado anatambua watu, anamwulizia mdogo wake, aje upesi.  Mama mkwe alikunja khanga zake, akamkamata tetea mmoja wa supu ya mgonjwa, akamfunga miguu, akakaa mlangoni akisubiri kupelekwa.

Apelekwe na nini? Mto Momba ulikuwa umepasua kingo na barabara imelala chini ya maji. Vijana wa bodaboda walisema wao si samaki. Uvuvi ulikuwa umefungwa kwa msimu, wenye mitumbwi ya mashine wamezifungua mashine zao na kwenda nazo makwao, na mitumbwi michache ya makasia iliyobaki hakuna aliyetaka kuikatisha ghuba kwa upepo ule. Ikabaki boti yangu. Watu wote pale nyumbani wakageuka kunitazama, isipokuwa mama mkwe, ambaye hanitazami.

Hapa lazima nieleze. Kwa ukoo wa mke wangu, ambao ni Wanamwanga wanaoshika ya wazee wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawasemeshani moja kwa moja. Si ugomvi. Ni heshima, na kadiri heshima inavyokuwa kubwa ndivyo mnavyokaa mbali. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayeingia majanini mpaka apite. Akitaka chumvi nami ndiye niliyeishika, anamwambia binti yake, binti ananiambia mimi, mimi nampa binti, na binti anampa mama yake, nasi sote watatu tumekaa kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Tumeishi hivyo tangu nilipooa, na sasa nina mvi. Namheshimu mno mama yule. Sikuwa najua macho yake yakoje.

Kwa hiyo mpango wa kwanza ulikuwa mke wangu awe wa tatu, akae katikati, apeleke maneno huku na huku. Tukaijaribu boti jioni ileile, mimi, mke wangu, na gunia la mpunga badala ya mama yake. Maji yakachungulia ukingoni, kisha yakaingia bila hodi. Ziwa lile lina mamba, na si wa kuhadithiwa. Tukarudi nchi kavu tukiwa tumelowa, mke wangu akasema yeye atabaki na kwelea wake shambani, sisi tuende wawili, na kama tutakuwa na la kuambiana tutamtuma kuku. Alisema kwa utani. Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya mti akitupa mgongo, alitikisa kichwa kukubali kama mtu aliyesikia jambo la maana.

Basi nikabaki na usukani.

Zamani ubao ule ulikuwa ukizuiwa chini kwa kamba nyembamba na kibanio chake. Vyote viwili viliondoka vyenyewe pale uwanjani Tunduma, mahali ambapo hata taa za lori huondoka zenyewe. Sikuona ni jambo kubwa. Mtu ninayefunga mizigo ya tani nyingi nishindwe na ubao wa urefu wa mkono wangu? Nikachukua kamba ya manila, nikaipitisha mbele ya ubao, nikaivuta mpaka ikalia, nikaifunga kwenye kichwa cha usukani kwa fundo ambalo halijawahi kuniaibisha barabarani. Ubao ukasimama wima. Nikaupiga teke, haukutikisika.

Majini, boti ilipokwenda polepole, ubao ulikaa chini kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni. Upepo ulipoongezeka na boti ikashika kasi, nikahisi mkono wa usukani unakuwa mzito. Ukawa mzito zaidi, kama kwamba kuna mtu nyuma ananivuta. Nikageuka, na kule nyuma ubao ulikuwa umeinuka nusu, umelala juu ya maji ukijipepea. Ubao ukiwa hivyo huongozi kitu. Boti ikanigeuzia pua kwenye upepo, tanga likaanza kupigapiga, na mimi nikaanza kusema maneno ambayo mke wangu, kutoka ufukweni, aliniomba niyapunguze kwa sababu mama anasikia. Kamba ikilowa inarefuka. Hilo nalijua, kila mtu anayefunga mizigo analijua, ila kwenye lori unasimama, unakaza tena, unaendelea. Ziwani ukisimama kukaza, upepo haukusubiri.

Nikatoa kamba, nikaweka mipira ya tyubu, ile ambayo watu wa bodaboda hufungia kreti za soda. Nikavuta mpira juu ya mpira mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijisifu kwamba mpira una akili kuliko kamba: ubao ukigonga chini mpira utanyumbuka, kisha utaurudisha. Mke wangu aliniuliza kama nimeujaribu kwenye upepo mkali. Nikamjibu kwamba mgonjwa hasubiri majaribio. Asubuhi iliyofuata tukaondoka, mama mkwe amekaa mbele kabisa akiangalia mbele, kuku mapajani, mimi nyuma nikiangalia maji, na katikati yetu nafasi yote ambayo boti ile iliweza kutupatia.

Tulikwenda vizuri mpaka tukaanza kuona miti ya kwetu inakuwa midogo. Kisha upepo wa ziwa ukaamka, mkono wa usukani ukaanza uzito wake uleule, na mipira ikanyumbuka. Ilinyumbuka kwa akili yake yote. Ubao ukapanda juu, boti ikazunguka, boriti ya chini ya tanga ikapita juu ya kichwa cha mama mkwe kwa kiasi cha kukipeperusha kitambaa chake. Hakupiga kelele. Alimwinamia kuku, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kuku, mwambie mkwe kuna kitu kimeelea kule nyuma."

Nilikuwa nakiona. Nilikuwa sioni kitu kingine chochote duniani ila hicho. Lakini unaweza kumfokea nani? Nikasema, "Kuku, mwambie mama nimekiona." Nikalishusha tanga, nikachukua upondo na kuusukuma chini mpaka ukashika tope, nikaturudisha tulikotoka, na njia ambayo upepo ulitupeleka kwa muda mfupi niliirudia kwa mikono yangu mpaka jua likawa utosini.

Mama mkwe alishuka, akaenda, akakaa tena palepale mlangoni, na khanga zake zilizokunjwa na kuku wake. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angelalamika, angesema kwamba bintiye aliolewa na mshona maturubai anayejifanya nahodha, ningepata pa kushikia hasira yangu. Alikaa tu, akitazama upande wa ziwa, kama abiria aliyekata tiketi na anaamini gari litakuja. Nilijisikia mdogo kuliko bolti ile.

Mchana nikafunga kwenye ncha ya ubao kipande cha chuma cha plau, nikidhani uzito utauweka chini. Uliuweka chini boti ikiwa imesimama. Boti ilipotembea, maji yaliubeba ubao pamoja na chuma chake, na sasa nikawa na usukani unaoelea na pia unaopiga teke. Mke wangu alikuja kutoka shambani na kopo lake la kufukuzia ndege, akasimama, akatazama, akaniuliza taratibu kwa nini nisipige bolti ya pili, ubao usiweze kwenda popote.

Nilikuwa nimeliwazia hilo tangu usiku. Nikamwambia ng'ambo maji yamepanda juu ya mashamba ya watu, chini ni visiki na sijui nini kingine, ubao wenye bolti mbili ukigonga huko utang'oa nyuma yote ya boti, na mama yake atabaki majini. Akaniambia basi niweke kitu kinachoshika lakini kikubali kuvunjika. Nikasema kitu gani. Akasema yeye ni mkulima. Tukatazamana kwa hasira, kisha wote wawili tukasema kijiti kwa wakati mmoja, na ile ilikuwa mara pekee siku zile tulipocheka.

Simu ikalia tena tukiwa palepale. Mgonjwa ameacha kula. Akiamka anauliza kama mdogo wake amefika, akijibiwa bado, anafumba macho. Mke wangu aliyarudia maneno hayo kwa sauti, akimwambia mama yake na kuniambia mimi kwa mara moja, na mama mkwe akamfungua kuku miguu ili atembee kidogo, kisha akamfunga tena.

Nikatia msumari motoni mpaka ukawa mwekundu, nikakitoboa kichwa cha usukani kutoka shavu moja hadi la pili, katikati nikipita kwenye ubao, chini ya bolti. Ubao sasa ungeweza kushikiliwa na kijiti kimoja cha unene wa kidole. Cha kwanza nilikichonga kwenye bua la mtama, kikavunjika mkononi mwangu kabla sijakiingiza. Cha pili nilikikata kwenye nguzo ya kibanda cha shambani, kikawa kigumu kuliko bolti, nikakitupa. Cha tatu nilikichonga kutoka kwenye kipande cha paleti kilichokuwa kwenye mfuko wangu wa zana, ule mti mweupe mwepesi unaokuja na shehena za mbali. Hicho nilipoujaribu ubao kwa kuugonga kwenye jiwe, kilikatika kwa mlio safi, *ta*, na ubao ukajiinua. Nikaruka kwa furaha. Nikachonga vingine kama hicho, nikaweka kimoja kazini na vilivyobaki mfukoni. Ili usukani wote usije ukachomoka kwenye mawimbi, nikaufunga kule ulikoning'inia nyuma ya boti kwa waya wa kufungia nondo, nikaukaza kwa plaizi mpaka ukaingia ndani ya mbao. Nilifanya kila kitu vizuri. Nasema hivyo mpaka leo.

Tukaondoka asubuhi. Upepo ulipoamka nilikaza meno nikisubiri ule uzito mkononi. Haukuja. Boti ilishika kasi, maji yakawa yanaimba chini yetu, na ubao ukabaki wima, umetulia, mkono wa usukani mwepesi kama kijiko. Jamani, ningeweza kumkumbatia yule aliyeubuni. Nilikuwa nimeshinda kitu ambacho kilinidharau mbele ya mama mkwe wangu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ila kuku.

Mama mkwe naye alikuwa akizungumza na kuku. Nadhani kwa sababu tulikuwa tunakwenda, hofu ilimtoka kidogo. Alimwambia kuku aniulize kama naona nyumba za ng'ambo. Nikamwambia kuku amwambie bado. Baada ya kitambo akamtuma tena, na tena. Halafu akaacha kuuliza, akawa anamweleza kuku tu kwamba dada yake hapendi mtu anayechelewa, tangu utoto wao hapendi, ukichelewa na maji ya kisima ananuna siku nzima, na sasa hivi hapana shaka amenuna. Alisema hayo bila kugeuka. Nilitamani kumjibu. Nilitamani kumwambia kwamba mtu anayekuulizia kila akifumbua macho hajanuna. Lakini hakuniambia mimi.

Nyumba zikaonekana. Ufuko wa zamani ulikuwa umemezwa, maji yamefika mpaka kwenye mashamba, na vichwa vya miti iliyokauka vilichomoza hapa na pale. Nikauvuta juu ule ubao wa katikati unaozuia boti isiende upande, nikalipunguza tanga, nikauachia usukani wangu ufanye kazi niliyoufundisha. Ukigonga, kijiti kitavunjika, ubao utainuka, tutateleza mpaka majanini, mama atashuka akanyage nchi kavu. Nilikuwa hata nimetabasamu.

Haukugonga. Chini pale hapakuwa na kisiki wala jiwe, palikuwa na tope, na tope halikugongi. Linakupokea. Ubao uliingia polepole kama kisu kwenye ugali, boti ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama kwa adabu kama lori linalopanda kwenye mzani. Kijiti changu, ambacho kilikuwa tayari kuvunjika kwa ajili ya jiwe lolote, hakikupata sababu ya kuvunjika. Na kilikuwa kimekaa majini asubuhi nzima, kimevimba, kimejaa tundu lake kama kizibo. Nilivuta mkono wa usukani kushoto na kulia. Nilisukuma kwa upondo, upondo ukazama na nikakaribia kuufuata. Niliutafuta waya nyuma ili niung'oe usukani mzima, nikaukumbuka jinsi nilivyoukaza, nikaikumbuka plaizi, nikakumbuka pia nilipoiacha, kwenye nyasi, upande wa kwetu, karibu na kopo la mke wangu.

Nilimtukana yule mbunifu. Nilitukana paleti na nchi ilikotoka. Nilifanya hivyo kwa sauti ya chini, lakini boti ni ndogo.

Mwanamke akatokea kwenye nyumba ya karibu akikimbia, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa binti wa mgonjwa. Alisimama pale maji yanapoanzia, akapaza sauti, "Mama mdogo, njoo. Leo amefumbua macho mara moja tu, akakuulizia. Njoo." Nikamwuliza wanaume wako wapi waje watusukume. Akasema wamefuata ng'ombe waliotawanywa na maji, hayupo hata mmoja. Akaingia majini mwenyewe, hatua chache tu, tope likamshika, akarudi nyuma amemshika mtoto wake kwa mikono miwili.

Nikaruka. Maji yalinifika kiunoni na tope likanishika mapajani. Nikaweka bega kwenye boti, nikasukuma mpaka nikaona nyota mchana, haikusogea. Umbali uliobaki mtoto angeurushia jiwe. Mama mkwe hakuweza kuupita mwenyewe, miguu yake ni ya uzee na tope lile lilikuwa likinishinda mimi. Kulikuwa na njia moja tu, na kila abiria wa ziwa lile anaijua, maana mitumbwi ikishindwa kufika, wanaume hubeba watu mgongoni. Ningembeba mwanamke yeyote wa wilaya ile. Yeye tu ndiye nisiyeweza kumgusa hata kwa ncha ya kidole.

Nikasimama majini, nimeinamisha uso. "Kuku," nikasema, "mwambie mama." Halafu nikakwama. Kuna maneno ambayo hayapiti kwa kuku. Binti yule ufukweni hakuwa akiita tena, alikuwa akitazama mlango wa nyumba, kisha sisi, kisha mlango.

Nikasikia boti inatikisika. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alimlaza kuku chini, akajifunga khanga kiunoni akaikaza, na sauti yake ikaja moja kwa moja sikioni mwangu, bila mtu katikati.

"Mwanangu," alisema. "Geuka, nibebe."

Nikamgeuzia mgongo. Mikono yake ikanishika mabegani, mikavu, imara, na uzito wake ukaja juu yangu. Alikuwa mwepesi kuliko turubai la kigari kidogo, na mimi nilikuwa nikiyumba kama nimebeba lori lenyewe. Nikavuta mguu mmoja kutoka kwenye tope, nikauweka, nikavuta wa pili. Kwa mazoea nikaanza kutukana tena, kila hatua na tusi lake, mpaka nikakumbuka sikio lake liko wapi. Nikanyamaza. Papo hapo nikateleza, nikapiga goti, maji yakanifika kifuani.

"Tukana tu," alisema mama mkwe nyuma ya shingo yangu. "Ukinyamaza unaanguka."

Basi nikatukana. Nilimbeba mama mkwe wangu kwa matusi mpaka nchi kavu, nikamshusha, naye hakusimama hata kunyoosha khanga zake zilizolowa. Alikwenda na binti yule kwa mwendo ambao sikujua anao, akaingia ndani.

Nilirudi majini kumfuata kuku, kwa kuwa aliletwa kwa ajili ya supu, nikampeleka jikoni. Kisha nikakaa nje chini ya ukuta wa nyumba ile, tope limenifika kifuani, hasira imenijaa, nikiwaza nitakavyouvunjavunja usukani ule kuni kwa kuni. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu. Walizungumza Kinamwanga, ambacho nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Kwanza nikasikia kigoda kikivutwa karibu na kitanda. Halafu sauti ya kizee, nyembamba, iliyojaa malalamiko, ikasema, "Umechelewa."

"Njia ilikuwa mbaya, dada."

"Barabara imefungwa. Nani amekuleta?"

 Nilitazama magoti yangu.

"Mwanangu," alisema.

"Wewe hukuzaa mtoto wa kiume."

"Ninaye," akasema. "Yuko hapo nje."